Kuongeza Mia Mbili Sabini na Tatu

Mwalimu aliyenifundisha hesabu za joto alikuwa mjinga. Nimejaribu kwa miaka kadhaa kumtafutia neno laini zaidi, maana siku hizi na mimi nina watu wanaonisimamia mgongoni nikifanya kazi, na najua kudharauliwa kunavyouma, lakini kila nikizunguka narudi hapo hapo. Na sisemi ujinga wa kutojua. Wa kutojua tulikuwa sisi, ndiyo maana tulilipa karo. Wake ulikuwa wa kujua vibaya, kwa sauti kubwa, akiwa amefunga tai.

Chuo chenyewe kilikuwa Kawangware, Nairobi, orofa ya pili ya jengo la mawe, juu ya duka la simiti na mabati. Mwenye jengo ndiye alikuwa mwenye chuo, na ndiye mwenye zile nyumba za kupanga zilizolizunguka jengo pande tatu. Watu wake walikuwa na shamba mahali pale kabla hapajawa mtaa. Walipanda mahindi, baadaye wakapanda vyumba. Sisi wanafunzi tulimwita mzee tu. Mwalimu wetu alikuwa mume wa binti yake, jambo alilotueleza mwenyewe wiki ya kwanza, kabla hajatueleza ana vyeti gani. Vyeti hakuwahi kuvifikia.

Mimi nilitoka Kibera, kijiji cha Soweto West. Mama yangu aliletwa Nairobi na ndugu zake kutoka upande wa Ziwa akiwa msichana, na tangu nipate akili nimemwona akikaanga samaki mbele ya chumba chetu. Kila asubuhi nilitembea kwa miguu kutoka Kibera hadi Kawangware, saa moja na kidogo kama hakuna matope. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimeshafanya kazi ya kufunga waya za stima chini ya fundi mmoja kwa miaka mitatu, na sasa nilitaka diploma ya mitambo ya baridi: friji, vyumba vya kuhifadhia nyama, mashine za kupoza hewa. Darasani tulikuwa kumi na tisa, na mwanamke nilikuwa mimi peke yangu.

Siku ugomvi wetu ulipoanza, mwalimu aliandika swali ubaoni. Kilo tano za hewa zinapashwa moto kutoka digrii ishirini hadi digrii hamsini bila shinikizo kubadilika. Ni joto kiasi gani limeingia? Swali rahisi. Unachukua uzito wa hewa, unazidisha kwa joto maalumu la hewa, yaani kile kiasi kinachohitajika ili kilo moja ipande digrii moja, kisha unazidisha kwa digrii ulizopanda. Hewa inataka kilojuli moja na ushei kwa kila kilo kwa kila digrii. Tano, mara moja na ushei, mara thelathini. Kilojuli mia moja na hamsini hivi. Mtu anaweza kulifanya akimenya viazi.

Mwalimu akaandika hamsini toa ishirini, ni thelathini. Vizuri. Kisha chini yake akaandika thelathini ongeza mia mbili sabini na tatu, ile namba ya kugeuza digrii za Selsiasi kuwa za kelvin, ni mia tatu na tatu. Akazidisha. Jibu lake likawa zaidi ya kilojuli elfu moja na mia tano, mara kumi ya jibu la kweli, na akalichorea mistari miwili chini yake kama mtu anayefunga zawadi.

Niliinua mkono.

"Sir, hapo kwa thelathini hatufai kuongeza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hiyo ni tofauti. Ukigeuza hamsini iwe kelvin, na ishirini pia iwe kelvin, halafu utoe, bado unapata thelathini."

Akageuka akautazama ubao. Hapa nataka kusema kweli, kwa sababu ndipo dharau yangu ilipozaliwa. Nilimwona akiona. Midomo yake ilitikisika ikihesabu, mia tatu ishirini na tatu toa mia mbili tisini na tatu, na mkono wenye chaki ukashuka kidogo. Kwa muda wa pumzi mbili hivi alijua nilichokuwa nikisema. Kisha akatutazama, watu kumi na tisa, akachagua.

"Hilo joto maalumu la hewa kwa jedwali limepewa kwa kelvin ama kwa Selsiasi?"

"Kwa kelvin, sir."

"Basi joto lako liwe la kelvin. Na kelvin ni Selsiasi ongeza mia mbili sabini na tatu. Hii si Kibera, madam, ati kila mtu anajiungia stima vile anataka."

Darasa likacheka. Walicheka hata wale wawili niliokuwa nikitembea nao kutoka Kibera, ambao chumbani kwao taa ilikuwa imeungwa kwa waya wa kuibia kama chumbani kwetu.

Ningekaa chini. Sikukaa.

"Sir, mimi nimempita ndugu yangu kwa miaka minne. Ukihesabu miaka tangu Yesu azaliwe, ni minne. Ukihesabu tangu uhuru, ni minne. Huwezi kuchukua minne uiongezee elfu moja mia tisa na ushei eti kwa sababu umebadilisha mahali pa kuanzia."

"Toka nje," akasema, "ukahesabu ndugu zako."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Chini dukani walikuwa wakikata mabati. Nakumbuka nilichokuwa nikifikiria: kwamba yule mtu hataweza kamwe kuniumiza tena, kwa sababu sasa nimemjua alivyo. Ndivyo dharau inavyokuja mwanzoni. Inakuja kama raha.

Mtihani mdogo wa mwezi ule ulikuwa na maswali mawili ya namna hiyo, na moja lilikuwa la hewa ndani ya tangi lililofungwa, ambapo joto maalumu hubadilika na kuwa dogo zaidi. Nilijibu yote mawili inavyotakiwa. Nikapewa sufuri mara mbili, kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika KELVIN kwa herufi kubwa. Wenzangu waliokariri kuongeza wakapata alama zote. Mmoja wao, baba wa watoto watatu aliyekuwa fundi wa gereji, aliniambia tukishuka ngazi, "Siste, mpe mtu jibu lake anataka, uende zako. Hii ni cheti tunatafuta." Naye nikamdharau. Msimu ule niliwadharau watu wengi sana, na kazi hiyo niliifanya kwa bidii kuliko masomo.

Mtu mmoja tu pale chuoni sikumdharau. Nyuma ya jengo, mzee alikuwa na chumba cha mawe chenye paa la mabati alimolea vifaranga. Aliwanunua wa siku moja, kama mia sita kwa mpigo, akawalea mpaka wakaota manyoya, akawauza kwa wafugaji. Mwangalizi wao alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyekaa Soweto East, ng'ambo ya kwetu, na watu wote walimwita mama wa kuku. Naye alikuwa wa upande wa Ziwa. Jioni tulitembea pamoja kurudi Kibera, na njiani aliniita nyako, yaani msichana kwa lugha ya kwetu, akinieleza habari za vifaranga kama mtu anayesengenya majirani.

Chumba alikipasha moto kwa jiko la makaa alilolifunikia chungu kikubwa kilichotobolewa. Kipimajoto kilitundikwa ukutani lakini hakukitazama sana.

"Wakijikusanya kwa jiko wakilia, wana baridi," aliniambia. "Wakikimbilia ukuta na midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wakila, mimi nakunywa chai."

Mzee alichoka na makaa. Moshi ulipanda madarasani, na nadhani pia aliona aibu: mtu ana chuo cha ufundi juu, na chini kuku wake wanaota jiko. Akamwambia mkwewe amhesabie hita ya stima. Mkwe akaona nafasi ya kung'aa, akaugeuza mradi wa darasa.

Nakumbuka ubao ule wote. Chumba kilikuwa mita nne kwa tatu, kimo mbili na nusu. Hewa ya Nairobi, kwa vile tuko juu milimani, ni kama kilo moja kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo hewa ya chumbani ilikuwa kilo thelathini. Asubuhi mle ndani ni digrii kumi na nane, vifaranga wanataka thelathini na tatu. Tofauti ni kumi na tano. Nilijua kitakachofuata, na kikafuata: kumi na tano ongeza mia mbili sabini na tatu, ni mia mbili themanini na nane. Akataka chumba kipate moto kwa nusu saa. Akagawanya, akapata karibu kilowati tano.

Nami nilikuwa nimeshaifanya ile hesabu daftarini. Bila ule upuuzi wa kuongeza, inatoka robo kilowati. Robo. Nilitazama tano yake na robo yangu, nikaona kichekesho kimekamilika, nikafunga daftari.

"Kuna swali?" akauliza, akinitazama.

"Hakuna, sir," nikasema, kwa sauti tamu kabisa.

Nilitaka wafunge hiyo hita. Nilitaka kile chumba kichemke siku ya kwanza, mzee akiwa amesimama hapo na suti yake, kila mtu aone. Vifaranga sikuwafikiria. Au niliwafikiria hivi: watatoa jasho kidogo, mzee atazima swichi, na mkwe wake ataaibika.

Kazi ya kufunga nikapewa mimi, kwa sababu darasa zima ni mimi tu niliyekuwa nimewahi kuvuta waya kutoka kwenye mita mpaka kwenye soketi. Mwalimu akasema itahesabiwa kama mafunzo yangu ya kazini. Nilivuta kebo nene, nikafunga hita mbili ukutani. Halafu mzee akaleta swichi ya joto, ile inayozima hita yenyewe joto likifika na kuiwasha likishuka. Ilikuwa ndogo kama kiberiti, na ubavuni imeandikwa ampia kumi, yaani kiasi cha stima inachoweza kubeba.

Kilowati tano kwa stima yetu ni zaidi ya ampia ishirini. Ukipitisha ishirini kwenye swichi ya kumi, itafanya kazi leo, itafanya kazi kesho, lakini kila ikikata na kuunga inatoa cheche, vyuma vyake vinaungua kidogo kidogo, mpaka siku moja vinashikana na havitaachana tena. Hili halihitaji diploma. Fundi wangu wa zamani alinifundisha mwezi wa kwanza.

Nilimwambia mwalimu. Nimejitetea kwa sentensi hiyo mara nyingi, kwa hiyo nieleze vizuri nilivyomwambia. Wenzangu watano walikuwa wamesimama hapo. Nikaishika ile swichi kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, nikasema, "Sir, hii ni ya ampia kumi. Ama hata ampia tutaongezea mia mbili sabini na tatu?"

Walicheka. Safari hii walicheka upande wangu.

Uso wake ulibadilika rangi. "Unafunga ama hufungi?"

"Nafunga, sir."

Nilifunga. Kwa namna nilivyoliweka lile jambo, kukubali kwake kungekuwa kupiga magoti mbele ya wanafunzi, na nilijua hivyo nilipokuwa nikifungua mdomo. Kama ningetaka kweli swichi ibadilishwe, ningemwita kando. Au ningepanda kwa mzee. Au ningemwambia mama wa kuku, maneno matatu tu, tukitembea jioni: hiyo swichi itashika.

Tuliwasha Jumanne. Chumba hakikuchemka. Hilo lilinishangaza na kuniudhi. Kilipanda polepole mpaka digrii thelathini na tatu, swichi ikalia tak, hita zikazimika. Baada ya muda tak, zikawaka. Mzee alifurahi akampiga mkwe wake begani. Mama wa kuku alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Hiki kitu hakina moto wa kuona," akasema. "Mzee, acha jiko langu likae hapo pembeni."

"Jiko litoke. Hii inajiangalia yenyewe."

Siku zile zilizofuata, tukirudi jioni, mama wa kuku alinilalamikia kwamba sasa hana kazi ya kufanya ila kumwaga maji na chakula. Mimi nilitembea kando yake nikimsikiliza.

Jumapili ile mzee alimwambia aende kanisani kama watu wengine, maana mashine ipo. Alikuwa hajaketi ibada nzima tangu aanze kazi pale. Akaenda. Jua lilikuwa kali. Mimi nilikuwa nyumbani napiga pasi nguo zangu za wiki, pasi ya makaa, simu ikalia kabla ya saa sita.

"Kuja," akasema. "Kuja tu, nyako."

Nilitembea nusu njia na kukimbia nusu. Nilipofika mlango ulikuwa wazi na joto lilikuwa bado linatoka, joto la kunipiga usoni, na harufu ambayo sitaieleza. Kipimajoto kilikuwa kimepita alama yake ya mwisho, ambayo ni hamsini. Vifaranga walikuwa wamelundikana kwenye ukuta ulio mbali na hita, wengine juu ya wengine, na lundo jingine kwenye ule mwanya wa chini ya mlango ambapo walikuwa wakitafuta hewa. Mama wa kuku alikuwa amepiga magoti na nguo zake za kanisa, anachovya mdomo wa kifaranga mmoja mmoja kwenye kifuniko cha maji. Waliokuwa hai hawakufika arobaini.

Nilizima stima kwenye mita, maana yeye hakuwahi kuonyeshwa inazimwa wapi. Nikafungua ile swichi. Vyuma vilikuwa vimeshikana, vimekuwa kitu kimoja.

Mzee alikuja moja kwa moja kutoka ibadani, na mkwe wake nyuma yake. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akauliza ni nini kimetokea. Mwalimu akajibu haraka kabla ya mtu mwingine.

"Hesabu iko sawa, baba. Labda hawa vifaranga walikuwa dhaifu. Ama huyu mama alifungua mlango saa ile mbaya, hewa ikachanganyika, joto maalumu likabadilika."

Joto maalumu likabadilika! Alisimama mbele ya mizoga zaidi ya mia tano akasema hivyo, na akasema kwa uso mkavu.

"Mimi nilikuwa kanisani," mama wa kuku akasema kutoka chini alipokuwa. "Wewe mzee ndiye ulinituma."

"Nilikuambia uende," mzee akasema. "Sikukuambia ukae mpaka mwisho." Kisha, bila kupandisha sauti, akamwambia akusanye vitu vyake na asirudi Jumatatu.

Hapo sikuweza kuvumilia tena. Nilitoa kalamu, nikachukua mfuko mtupu wa chakula cha kuku, nikamwandikia mzee hesabu yote juu ya karatasi ile ya kaki. Nikamwonyesha kumi na tano. Nikamwonyesha mahali mkwe wake alipoiongezea mia mbili sabini na tatu. Nikamwonyesha swichi, ampia kumi, na ampia ishirini zilizopitishwa humo. Nilikuwa nikiongea haraka na nilijisikia, Mungu anisamehe, karibu kufurahi. Mwalimu alikuwa ametazama pembeni.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimemweka kwenye fungu la watu wasiojua kusoma ila risiti za kodi. Akauchukua ule mfuko, akauinamia.

"Kwa hivyo hita ilifaa kuwa ya ngapi?"

"Robo kilowati."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kitu na mlevi. "Robo. Kwa nyumba ya mabati. Na mlango uko na mwanya wa kupitisha mkono. Msichana, mimi hizi nyumba nimejenga. Joto ya hii chumba inatokea kwa paa siku yote. Hiyo robo yako, hawa wangekufa Jumatano, na baridi."

Niliyatazama mabati ya paa, kisha ule mwanya wa mlango.

"Na hii ya swichi," akaendelea, "ulijua lini?"

"Siku ya kufunga. Nilimwambia sir."

"Mimi uliniambia?"

"Hapana."

"Huyu mama?"

Mama wa kuku alikuwa ameacha kuchovya. Alikuwa amekishika kifaranga mkononi na kunitazama.

"Huyu ni mjinga," mzee akasema, akimnyooshea kidole mkwe wake aliyekuwa mita moja kutoka kwake. "Mimi nimemlisha miaka sita, namjua. Wewe ulijua, ukakaa ukingoja."

Kisha akakunja ule mfuko mara nne, akautia mfukoni mwa koti, akaenda zake. Na hapa ndipo ninapomdharau kuliko mkwe wake. Akili alikuwa nayo. Aliona kila kitu kwa dakika kumi, aliona ni nani aliyekosa na ni nani hakukosa, na bado Jumatatu mwalimu alikuwa darasani na tai yake, mimi nilikuwa kwenye kiti changu, na aliyekuwa hana kazi ni mama wa kuku. Mwalimu alikuwa mume wa binti. Mimi nilikuwa karo. Yeye alikuwa mtu wa kibarua.

Jumapili ile tulianza kurudi Kibera pamoja, mimi na yeye, kwa sababu njia ilikuwa moja. Tulipofika karibu na barabara ya Ngong akasimama.

"Ulijua?"

"Nilijua inaweza kushika. Sikujua ni lini."

Alingoja niseme zaidi. Nilianza kumweleza kuhusu mwalimu, jinsi alivyonitoa nje, ile sufuri, jinsi alivyosema juu ya Kibera. Alinisikiliza kidogo, kisha akavuka barabara akaendelea upande wa pili. Tulitembea hivyo mpaka nyumbani, kila mmoja upande wake, na magari katikati yetu.

Nilimaliza ile diploma. Mtihani wa mwisho haukusahihishwa pale chuoni, ulisahihishwa na watu wasiotujua, na kulikuwa na swali la hewa na joto lake maalumu. Karibu darasa lote lilianguka karatasi ile. Mwalimu alituambia mtihani ulikuwa umetungwa vibaya. Mimi nilipita, na nilifurahi walivyoanguka, hata yule baba wa watoto watatu ambaye hakunikosea lolote ila kunipa ushauri.

Siku hizi natengeneza vyumba vya baridi vya mabucha na maduka makubwa. Kazini nilijifunza kitu ambacho hakuna aliyenifundisha pale Kawangware: kwamba hewa yenyewe ni jambo dogo. Kinachokula joto ni kuta, paa, mlango unaofunguliwa mara mia. Siku moja nikiwa nangoja mteja nilikaa nikakihesabu upya chumba cha vifaranga, mabati yake, mawe yake, mwanya wa mlango wake. Ilitoka kilowati mbili na nusu, karibu tatu. Yule mjinga, kwa hesabu ya kichaa, alikuwa amekaribia ukweli kuliko mimi. Haikunifanya nimheshimu. Hesabu yake ilikuwa upuuzi na bado ni upuuzi, na nimesikia kwamba sasa ndiye mkuu wa chuo. Lakini nilielewa kwamba hita haikuua vifaranga. Iliyowaua ni swichi, na swichi niliifunga kwa mikono yangu.

Mwaka jana nilimtafuta mama wa kuku. Bado alikuwa Soweto East, nyuma ya yale maghorofa mapya ya serikali, na sasa anafulia watu nguo. Nilimkuta ameinama juu ya beseni. Alinijua mara moja, hakusimama.

"Sasa, nyako."

"Poa, mama."

Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Alisugua kola ya shati moja mpaka akamaliza, akalitia kwenye maji safi.

"Wewe na yule mwalimu," akasema, "mlikuwa mnagombania nini? Sikuwahi kuelewa."

Nilimweleza. Nilichuchumaa pale kwenye ukingo wa mtaro nikamweleza pole pole, kwamba kuna njia mbili za kuhesabu joto, moja inaanzia mahali maji yanapoganda na nyingine inaanzia chini sana, na kati yao ni mia mbili sabini na tatu. Kwamba ukitaka kujua kitu kiko na joto gani, utaongeza, lakini ukitaka kujua kimepanda kiasi gani, huongezi. Mwalimu aliongeza. Mimi nilisema asiongeze.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Aliyatazama maji ya beseni. Nilifikiri atasema kitu kikali, na nilikuwa nimejiandaa kukipokea. Badala yake aliingiza mikono akatoa blanketi zito linalochuruzika, akanitupia upande mmoja.

"Shika vizuri," akasema. "Zungusha upande wako."

Nikashika. Tukaanza kulikamua.